Ushanga wa Tatu

Pikipiki za siku hizi hazina mlio. Naelijwa alisikia kokoto tu zikisagika kwenye njia ya kilimani, akajua ni Bwana Mchomvu, mkaguzi wa ziwa, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kujitengeneza nywele wala kufagia kibanda. Alijivua kanga ya mabegani akaifunika ndoo ya samaki.

Ndani ya ndoo perege mmoja akapiga mkia. Naelijwa akaisukuma ndoo chini ya meza kwa mguu, akaketi mbele ya kioo cha kuonea kiota, mikono mapajani kama mwanafunzi mwema. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hajawahi kuiba hata chumvi ya jirani. Ndiyo maana moyo ulimwenda mbio vile.

"Hodi humu!"

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Usiinuke, usiinuke. Nimekuja kuwaona wakubwa."

Wakubwa wenyewe walikuwa kwenye kioo: makinda wawili wa furukombe, rangi ya kahawia, wabaya wa sura kama walivyo ndege wote wa umri huo, wakipiga mabawa juu ya kiota kipana kama kitanda, kileleni mwa mgunga ulioinamia ziwa. Mama yao, kichwa cheupe, alisimama ukingoni akiwapa mgongo. Chini ya picha ziliwaka nukta mbili.

Mchomvu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Nyeupe," alisoma. "Nyeupe. Siku ya sitini na moja, na bado nyeupe! Siku tisa tu, mama Naelijwa. Wakiruka na shanga nyeupe, Jumamosi inayofuata mitumbwi inaingia majini. Baada ya miaka sita! Barua nimeshaandika, kijiji kizima kinajua."

"Mungu mkubwa," Naelijwa alisema.

"Na ule ushanga wa yai lililoharibika, upo?"

"Upo kwenye mtoto wa meza, pamoja na sindano yake."

"Utunze. Vitu hivi haviokotwi." Aligeuka kuondoka, kisha akasimama akamtazama vizuri. "Lakini wewe mama umekonda. Tunakuletea perege ishirini na watano kila wiki kutoka mabwawa ya Usangi, safi kabisa, ili usitamani hawa wa ziwani. Unawapeleka wapi?"

Chini ya meza ndoo ilikuwa kimya, lakini Naelijwa alikuwa na hakika kwamba samaki wale wangepiga mkia sasa hivi, wote kwa pamoja.

"Nawala, mzee. Mwili wangu tu ndio hauna shukrani."

Mchomvu akacheka. Akaligonga kwa kidole bango la ukutani, maneno mawili makubwa mekundu: MACHO TU. "Umeitunza sheria, nayo imetutunza sote," alisema, akatoka.

Naelijwa alisubiri mpaka kokoto ziliponyamaza. Kisha akainama kuitazama ndoo.

*

Miaka sita kabla ya hapo, watu wa Kwa Mbaru walianza kuangusha vijiko. Mwanzoni walitaniana. Mtu akiangusha kijiko mezani anaambiwa amelewa, akiangusha kikombe anaambiwa anapenda. Halafu miguu ikafuata mikono, na pumzi ikafuata miguu, na msimu mmoja tu ukazika watu sitini na wanne, mume wa Naelijwa akiwa wa kumi na moja. Ugonjwa wakauita legea.

Wataalamu walikuja na mashine zao wakapima maji: safi. Wakapima samaki: safi. Ilichukua miezi kugundua kwamba sumu haikuwa majini wala ndani ya samaki. Ilitengenezwa ndani ya damu ya anayekula samaki wale kila siku, kwa kukutana kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina madhara. Hakukuwa na namna ya kulipima ziwa ila mtu ale, na damu yake iangaliwe. Damu changa huonyesha mapema, wakasema wataalamu, na katika mkutano wa kijiji wakaomba watoto wanane wa kujitolea. Mama mmoja akauliza, "Nani atamwonjesha mwanawe?" Hakungoja jibu. Aliinuka akaondoka, na mabenchi yote ya wanawake yakaondoka naye.

Basi kazi wakapewa furukombe, ambao hakuna aliyewauliza. Kila kinda akianguliwa hutiwa ushanga chini ya ngozi ya bawa kwa sindano nene, na ushanga huo husoma damu saa zote. Nyeupe, damu ni safi. Njano, sumu imeingia lakini mwili bado unapigana. Nyekundu haihitaji maelezo. Makinda wakila siku sabini mpaka kuruka bila rangi kugeuka, ziwa hufunguliwa. Mlinzi wa kiota naye ana kazi moja, kuangalia, na kila Jumamosi kutangaza rangi kwa kipaza cha kijiji. Haruhusiwi hata kuwapa makinda majina. Yupo wa kwanza na yupo wa pili, basi.

Siku ya tatu tu, Naelijwa alikuwa ameshamwita yule wa pili Kidogo.

Ilianzia hapo, kwenye jina. Siku ya kumi na mbili wa kwanza alimdonoa Kidogo kichwani mpaka damu ikatoka, na baba yao alipoleta samaki, wa kwanza akala yote huku mdogo amelala kifudifudi. Ikawa hivyo siku hiyo nzima. Naelijwa aliangalia, kama ilivyo kazi yake, mpaka jioni. Miaka sita nyuma alimwangalia mumewe akifa kwa namna hiyohiyo, ameketi pembeni, hana la kufanya. Kesho yake alfajiri alichukua kile kichombo cha kuruka walichokiita kifutio, ambacho kazi yake ni kupangusa jicho la kamera ya kiotani, akakifungia perege mmoja wa posho yake na kumdondosha mbele ya mdomo wa Kidogo.

Mmoja tu, alijiambia. Wa ziwani au wa Usangi, samaki ni samaki, kinda atapona na mambo yataendelea. Na kweli Kidogo alikula, akainua shingo. Naelijwa alicheka peke yake kibandani kama mwendawazimu. Mchana huo yeye alikula makande matupu, na hakuwahi kula makande matamu kama yale.

Kesho yake akapeleka wawili.

Sasa, Bwana Mchomvu akiwa ameshaondoka, alifanya jambo aliloliogopa kwa wiki saba. Alifungua picha za nyuma, siku baada ya siku, akahesabu. Aliona jambo ambalo macho yake yenye mapenzi yalikataa kuliona: furukombe baba, akikuta kiota kina samaki kila asubuhi, aliacha kuvua. Alikaa kwenye tawi lake kavu akijisafisha manyoya kama bwana harusi. Tangu siku ile ya kumi na tatu, makinda wale walikuwa wamekula samaki mia mbili na watatu. Wa ziwani walikuwa thelathini na mmoja.

Alihesabu mara ya pili. Hesabu ilikuwa ileile.

Shanga nyeupe zile hazikusema lolote juu ya ziwa. Zilisema mabwawa ya Usangi ni safi, jambo ambalo kila mtu alilijua. Na yeye, kwa sauti yake mwenyewe, Jumamosi saba mfululizo, alikuwa amewaambia watu wa Kwa Mbaru: nyeupe, nyeupe, nyeupe. Na kila Jumapili mdogo wake Eliwaza alipopiga simu kuuliza habari za kilimani, alimjibu kwa kujigamba, "Wamenona, mdogo wangu! Wamenona mpaka wanachekesha."

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na katika woga huo akaona upenyo. Hakuwa na haja ya kusema chochote. Zilibaki siku tisa. Akiacha leo kupeleka samaki, baba atarudi majini, makinda watakula wa ziwani, na kama sumu ipo, shanga zitageuka zenyewe kabla ya Jumamosi ile. Ziwa litabaki limefungwa na hakuna atakayejua. Gharama yake ni Kidogo. Alijua hivyo, na alikaa na jambo hilo mpaka jua likahama dirisha. Kukiri ni kupoteza kazi, jina na kiota. Kunyamaza ni kumlisha sumu kiumbe aliyemwokoa kwa mkono wake, huku akimwangalia.

Akachagua kunyamaza. Ndoo akaiacha chini ya meza, imefunikwa.

*

Alfajiri ya kwanza furukombe wote wanne walitazama upande wa kilima. Walikuwa wanangoja kifutio.

Baba hakwenda kuvua siku hiyo. Makinda walilia tangu mapambazuko, ile sauti nyembamba inayokwenda bila kituo, na Naelijwa akaizima sauti ya kioo. Kwa mara ya kwanza msimu ule akawa mlinzi wa macho tu. Haikusaidia. Midomo ilikuwa wazi, na yeye aliisikia.

Siku ya pili baba akashuka majini mara tatu, akarudi na samaki mkubwa, mweusi mgongoni. Mama akamchana, akawagawia. Kidogo alikula kwa pupa ya njaa, na kila pande lililopita kooni mwake Naelijwa alimeza mate naye. Siku ya tatu wakala vizuri. Siku ya nne wakala vizuri zaidi, wakapiga mabawa, wakarukaruka kiotani, na nukta zikabaki nyeupe. Naelijwa akaanza kutumaini kwamba ziwa limepona kweli. Tumaini hilo nalo lilimtisha, kwa sababu hakuwa na haki nalo.

Siku ya sitini na sita, saa nne asubuhi, Kidogo alisimama ukingoni mwa kiota, uso kwenye upepo. Alikuwa mzuri. Mguu wake wa kushoto ukafunguka.

Ukucha mmoja uliachia kijiti, kisha wa pili, kisha wote. Kinda akaangukia tumbo, akainuka, akashika tena kijiti. Mguu ukafunguka tena. Mama yake akamsogelea akamtazama miguuni, kichwa upande, kama anayejaribu kukumbuka jambo. Chini ya picha nukta ya pili ikafifia, ikazima, ikawaka tena. Njano.

Naelijwa aliruka kutoka kitini kwa furaha. Baadaye, kila alipoikumbuka furaha ile, alitamani kujificha. Lakini ndivyo ilivyokuwa: ndege amesema, mimi nimepona! Akachukua simu, na kabla ya kumpigia mkaguzi akampigia mdogo wake.

"Eliwaza! Ziwa halifunguliwi. Ushanga umegeuka njano sasa hivi. Mtu asije akagusa samaki, umenisikia?"

Upande wa pili alisikia jogoo wa jirani, na sufuria ikichemka.

"Eliwaza?"

"Dada," Eliwaza alisema polepole, "mbona sisi tunakula tangu siku ya arobaini."

"Mnakula nini?"

"Samaki. Kijiji kizima, dada, kwa siri. Wewe ulisema makinda wamenona. Niliwaambia wenzangu, kama Naelijwa mwenyewe anasema wamenona, tunangoja karatasi ya nani? Yeye anawaona kila siku." Sauti yake ikapanda. "Lakini umesema imegeuka leo. Si ndiyo? Leo ndiyo sumu imeanza. Kwa hiyo samaki wa nyuma walikuwa salama. Dada?"

Naelijwa aliitazama nukta ya njano.

"Dada, nijibu. Kwa sababu Apai wangu anaangusha kikombe tangu juzi. Nimemchapa kwa ajili ya kikombe."

*

Simu ilikatika, au aliikata mwenyewe. Ikaita papo hapo. Alikuwa Bwana Mchomvu, ambaye ofisini kwake naye alikuwa na kioo, cha nukta tu, bila picha.

"Nimeona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Bahati mbaya, mama. Washa kipaza utangaze: leo ushanga umegeuka njano, ziwa litaendelea kufungwa. Usiongeze neno."

"Kuna neno la kuongeza, Bwana Mkaguzi."

Akamwambia. Alimwambia yote, kifutio, posho, samaki mia na sabini na wawili wa Usangi.

"Hilo hukulisema," Mchomvu alisema hatimaye, "na mimi sikulisikia. Nisikilize, mama yangu. Ukisema, ziwa linafungwa. Usiposema, ziwa linafungwa vilevile. Ila ukisema, wewe unashtakiwa, mimi nafukuzwa, na kiota kinashushwa. Nani atafaidika?"

Alisema kweli, au karibu. Siku tano zilizopita Naelijwa angemshukuru kwa maneno hayo. Lakini aliwahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa legea, na alijua dawa yake inavyotolewa. Daktari huuliza swali moja tu: umeanza lini kula sumu? Dozi hupimwa kwa siku hizo. Ikipungua haifui dafu, ikizidi inaua. Kama angetangaza kwamba ushanga umegeuka leo, akanyamaza hapo, kila mama wa Kwa Mbaru angesimama mbele ya daktari na kusema leo. Wangesema leo kwa moyo safi, na watoto wangepewa dawa ya siku moja kwa sumu ya siku ishirini na sita.

"Watoto watafaidika," alisema, akaweka simu chini.

Akawasha kipaza. Ziwani ndege weupe walitawanyika sauti yake ilipolipuka kutoka kwenye mlingoti wa kijiji.

"Watu wa Kwa Mbaru. Mimi ni Naelijwa, mlinzi wa kiota. Ushanga umegeuka njano leo, lakini sumu haikuanza leo. Sumu haikuwahi kutoka. Makinda walikuwa weupe kwa sababu mimi niliwalisha samaki wa Usangi kwa mkono wangu, kwa siri, tangu siku ya kumi na tatu. Niliwadanganya Jumamosi saba. Mliokula, msione aibu, nendeni zahanati sasa hivi. Mseme siku mliyoanza. Msipunguze hata moja. Nawaomba, msipunguze hata moja."

Akarudia mara tatu, mpaka sauti ikakauka. Kisha akaivuta ndoo kutoka chini ya meza. Walibaki perege tisa, hai. Akawafungia kwenye kifutio mmoja mmoja, mchana kweupe, akawapeleka wote kiotani. Mtoto wa meza ulikuwa wazi. Akachukua humo kisanduku kidogo cha ule ushanga, sindano, kioo cha mkononi cha kusomea shanga na daftari la ulinzi, akashuka kilima kwa miguu.

Hakuna aliyemrushia jiwe. Laiti wangemrushia. Wanawake walikuwa wanatoka nyumbani na watoto mgongoni, wanakwenda zahanati mbio, na walipompita walimtazama kama mtu anavyotazama shimo ili asitumbukie. Wengine walikuwa wanahesabu kwa vidole.

Eliwaza alikuwa amekaa kizingitini, Apaikunda mapajani. Mtoto alikuwa na miaka miwili, na shavu moja lina wali.

"Mama mkubwa!" Apai aliita, akanyoosha mkono.

Naelijwa akapiga magoti akampa kidole chake. Vidole vile vidogo vilikikamata, vya moto, vikakaza. Akahesabu kimoyomoyo. Alipofika nne, kidole cha mwisho kiliachia, kisha cha pili yake.

"Zahanati wana foleni mpaka barabarani," Eliwaza alisema bila kumtazama. "Wanasema hawajui nani ameumia kiasi gani, waanze na nani. Sisi tuna siku ishirini na sita. Sijapunguza." Akakitazama kisanduku. "Hicho ndicho kile cha ndege?"

"Ni cha yai la tatu. Ushanga hauchagui damu. Ukikubali, tutajua sasa hivi, na daktari atajua." Akakifungua kisanduku. "Nisamehe, Eliwaza. Nilimwonea kinda huruma."

"Mimi sijui kama nitakusamehe," mdogo wake alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Alikunja mkono wa gauni la mtoto mpaka begani, akamkumbatia kichwa ili asione. "Weka."

Apai alilia mara moja, kilio kirefu cha hasira, akanyamazishwa. Kwenye kioo cha mkononi nukta ikawaka, ikazima. Walisubiri, dada na mdogo wake, vichwa vyao vimekaribiana kama walivyokuwa wakichambua mchele utotoni. Mbali juu ya mgunga furukombe mmoja aliita.

Nukta ikawaka. Njano.

Eliwaza alimwinua mtoto akaanza kukimbia. Naelijwa alimfuata nyuma, macho kwenye kioo, na walipofika kwenye foleni ya zahanati watu wakawapisha. Hapo, amesimama, akafungua daftari la ulinzi kwenye ukurasa mpya. Mahali pa kuandika wa kwanza au wa pili, aliandika Apaikunda. Chini yake akaandika: siku ya kwanza, njano.